Nani Alishika Pete Gani? Historia ya Mnyororo wa Thamani Katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Katika madarasa ya uchumi wa siasa tumezoea kuanza na swali la nani anamiliki nyenzo kuu za uzalishaji mali. Swali hilo ni sahihi na hatuliachi. Lakini uzoefu wetu wa kufundisha makada wanaotoka mikoa ya kusini umetuonyesha kwamba swali hilo peke yake halitoshi. Mwanachuo mmoja kutoka Mtama aliwahi kutusimamisha katikati ya somo, akasema: "Ndugu mkufunzi, kiwanda cha kubangua korosho pale kwetu kilikuwa mali ya umma. Mikorosho ilikuwa ya wakulima wenyewe. Bepari hakuwepo. Mbona kilikufa?" Siku ile tulimjibu kwa maneno ya jumla, juu ya bei za soko la dunia na hila za ubeberu, naye akaketi kwa adabu. Lakini sisi wenyewe hatukuridhika na jibu letu. Makala haya ni jaribio la kumjibu upya.

Mwaka 1985 Michael Porter, mwalimu wa mambo ya biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alitoa kitabu kiitwacho Competitive Advantage. Humo alieleza jambo ambalo siku hizi kila semina inalitaja, yaani mnyororo wa thamani. Alisema kampuni isitazamwe kama kitu kimoja kizima, bali kama mkusanyiko wa shughuli zinazofuatana: kupokea malighafi na kuitunza, kuisindika, kuipeleka bidhaa inakohitajiwa, kuiuza, na kumhudumia mnunuzi baada ya kuuza. Nyuma ya hizo ziko shughuli za kutegemeza, kama vile manunuzi, utafiti na ufundi, utumishi na uongozi. Thamani, kwa maelezo yake, ni kile mnunuzi alicho tayari kulipa. Na faida hupatikana pale malipo hayo yanapozidi gharama ya shughuli zote. Jambo zito zaidi katika maelezo yake ni kwamba shughuli hizo zimefungamana. Namna moja inavyofanywa hubadili gharama na ubora wa nyingine, hata kama zimeachana kwa maili mia.

Porter aliwaandikia wakuu wa makampuni ya kibepari ili wapate kushindana. Hakuuliza thamani hiyo imetoka katika jasho la nani; swali hilo Marx alikwisha kuliuliza zaidi ya miaka mia moja kabla yake. Lakini Marx naye alisema wazi kwamba kitu kisicho na manufaa kwa mtu yeyote hakina thamani, hata kama kazi nyingi imemwagwa juu yake. Gunia la korosho lililooza limebeba jasho lile lile la gunia lililo zima. Makada wetu wengi husoma sura ya jasho wakairuka sura ya manufaa. Na huyo anayeamua manufaa, yaani mlaji, ndiye tuliyemsahau mara nyingi katika mipango yetu.

KILWA HAIKUCHIMBA DHAHABU

Tuanze Kilwa Kisiwani, maana huko mnyororo ulifungwa na watu wa pwani wenyewe. Ibn Battuta aliuzuru mji huo mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akausifu kwa uzuri wake. Sultani huyo ndiye anayehusishwa na jumba la Husuni Kubwa, ambalo magofu yake yanatazama bahari mpaka leo. Utajiri ule ulitokana kwa sehemu kubwa na dhahabu. Lakini Kilwa hakuna mgodi wa dhahabu, na haukupata kuwapo. Dhahabu ilitoka nyanda za Zimbabwe ikashuka hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo, mbali sana kusini mwa Kilwa.

Kwa hiyo Kilwa iliuza nini? Iliuza muda na uhakika. Chombo kilichotoka Arabuni au Bara Hindi kwa upepo wa kaskazi kiliweza kufika Kilwa, kikafanya biashara, na kurudi kwao kwa kusi. Kikijasiri kwenda mpaka Sofala kilijihatarisha kukosa upepo wa kurudi na kukaa mwaka mzima zaidi, mabaharia wakila na mtaji umelala. Watu wa Kilwa walilifahamu hilo. Walikwenda Sofala kwa vyombo vyao, wakapeleka nguo za Gujarati na shanga ambazo wenyeji wa bara walizitaka, wakaleta dhahabu na pembe za ndovu, wakaziweka ghalani kungojea upepo. Mgeni alipotia nanga alikuta mzigo umekwisha kukusanywa, bandari yenye kina na kinga, sarafu za shaba zilizopigwa hapo hapo kwa jina la sultani, na msikiti wa kusali. Alilipa zaidi ya bei ya Sofala, na alilipa kwa hiari, kwa sababu alichookolewa kilizidi alichotozwa.

Hatusemi haya ili kuipamba Kilwa ya kale. Ilikuwa dola ya masultani na matajiri, na majumba yale ya mawe ya matumbawe hayakujengwa kwa mikono ya wenye kuyalala. Tunasema tu kwamba pete za mnyororo zilifungamana.

Mwaka 1505 Wareno wakaja na mizinga. Waliiteka Kilwa wakajenga ngome, na mwaka huo huo wakajenga nyingine Sofala. Kwa hesabu ya askari walikuwa wameshika ncha zote mbili za mnyororo. Lakini hawakushika vyombo vidogo vya wenyeji, wala uaminifu kati ya mkopeshaji wa nguo na mleta dhahabu, wala njia za bara. Biashara ikawakwepa, ikapita kwingine. Mwaka 1512 waliiacha ngome ya Kilwa, maana haikuwalipa. Kuta walizipata, shughuli zikawaponyoka.

Zipo minyororo mingine ya pwani hii ambayo tunaitaja kwa uchungu. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Karne iliyofuata Kilwa Kivinje ikawa bandari kubwa ya watumwa waliotolewa bara mpaka upande wa Ziwa Nyasa, hadi biashara hiyo ya baharini ilipopigwa marufuku na mkataba wa mwaka 1873. Huo nao ulikuwa mnyororo uliopangwa vizuri, wenye wakusanyaji, maghala, wasafirishaji na wateja walioridhika. Anayefundisha somo hili bila kuuliza mteja ni nani na bidhaa ni nani, afadhali anyamaze.

Ile kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuja na mtindo wa tatu. Mwezi Aprili 1888 ilipata kwa mkataba na Sultani Khalifa wa Unguja haki ya kuitawala pwani na kukusanya ushuru. Haikuleta chombo, wala barabara, wala mnunuzi mpya. Ilitaka kukaa katika pete moja tu, ya forodhani, na kumkamua kila apitaye. Mwezi Septemba maofisa wake wawili waliuawa Kilwa Kivinje, na wenzao wa Lindi na Mikindani wakakimbilia baharini. Wenye misafara wa bara na watu wa pwani, ambao mara nyingi waligombana wao kwa wao, safari hii walimtambua mara moja mtu asiyeongeza kitu.

KARANGA ZA NACHINGWEA

Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Siagi ya mimea iligawiwa kwa kadi. Mteja basi alikuwepo, tena alikuwa na haja ya kweli. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company, ambayo ilikuwa mali ya Unilever, alipeleka kwa serikali yake wazo la kulima karanga Afrika Mashariki kwa matrekta. Ujumbe ukatumwa, ukazunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa ukiwa angani ndani ya ndege, ukarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni tatu. Gharama ilikadiriwa kuwa karibu pauni milioni 25. Sehemu kubwa ya ekari hizo ilipangwa Jimbo la Kusini, yaani nyuma ya Lindi, na kitovu chake kikawa Nachingwea. Kazi ilianza mwaka 1947 huko Kongwa chini ya kampuni hiyo, na mwaka 1948 ikakabidhiwa shirika la umma la Uingereza, Overseas Food Corporation.

Hapa tunawaomba wasomaji watulie kidogo, kwa sababu kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha Wazungu na vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Kilikuwa zaidi ya hapo. Unilever iliufahamu mnyororo wa karanga kuliko kampuni yoyote duniani. Kule Nigeria ya Kaskazini ilinunua karanga zilizolimwa na wakulima wadogo kwa jembe la mkono, na katika miaka ile ile magunia yalirundikwa Kano kama vilima, yakingojea mabehewa ya reli. Mkulima alikuwepo, karanga zilikuwepo, mlaji alikuwepo. Pete iliyopungua ilikuwa behewa. Badala ya nguvu zote kuelekezwa kwenye pete hiyo, likatungwa shamba jipya kabisa katika nchi ambayo mvua yake haikuwa imepimwa vya kutosha.

Nachingwea ilionekana kuwa na udongo na mvua bora kuliko Kongwa. Lakini bandari ya Lindi haina kina. Meli zilikaa mbali, mizigo ikashushwa kwa matishari na kupelekwa Mkwaya, ndani ya hori la Lindi. Kutoka Mkwaya ilijengwa reli hadi Nachingwea, likalazwa na bomba la mafuta ya mitambo, huku bandari mpya ya kina kirefu ikianza kujengwa Mtwara. Angalieni mpangilio huo. Trekta lilihitaji mafuta. Mafuta yalihitaji bomba. Bomba lilihitaji gati. Gati lilingojea meli zilizobeba vyuma vya reli, na reli hiyo ilikusudiwa kubeba karanga ambazo hazijapandwa, maana trekta halina mafuta. Kila pete ilingojea mwenzake, na mishahara ya mabwana wakubwa ikaendelea kulipwa kila mwisho wa mwezi. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ililiacha shamba hilo, na kiasi cha pauni milioni 36 kikafutwa katika vitabu. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, karanga zikiwa zimekwisha kusahauliwa. Reli ilikufa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nachingwea yenyewe baadaye ilipata kazi ya heshima zaidi, ya kuwafunza wapiganaji wa FRELIMO, lakini hiyo si habari ya leo.

Katika kundi zima lile la wataalamu hakuna aliyepewa kazi ya kuwauliza Wamwera, ambao walilima nchi ile miaka yote, kwamba mvua hukatika lini.

KOROSHO ZETU

Ni rahisi kuwacheka Waingereza. Sasa tujitazame sisi.

Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazili, na kwa karne nyingi ulikuwa mti wa kivuli na mabibo. Baada ya vita kuu ya pili wakulima wa kusini, kwa hiari yao na bila bwana shamba kuwasukuma, waliupanda kwa wingi. Korosho ghafi zilikwenda Bara Hindi, hasa Kerala, ambako maelfu ya wanawake walizibangua kwa mkono kwa ujira mdogo, na kutoka huko zikapelekwa Marekani na Ulaya. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna kiasi cha tani 145,000. Serikali yetu iliona sawasawa kwamba thamani kubwa inabaki ng'ambo. Kwa mikopo, ikiwamo ya Benki ya Dunia, na kwa mitambo ya Italia na Japani, vilijengwa viwanda vya kubangua hadi vikafika 12, vyenye uwezo wa tani 113,000 kwa mwaka. Mkoa wa Lindi ulipata vitatu: Lindi mjini, Mtama na Nachingwea.

Shabaha ilikuwa ya haki. Hata leo tungeichagua hiyo hiyo. Lakini tuzifuate pete moja moja.

Korosho haichumwi mtini. Huachwa ikaanguka yenyewe pamoja na bibo lake, ikaokotwa upesi, ikatenganishwa, ikaanikwa juani siku mbili tatu. Kwa hiyo chini ya mti lazima pawe pamefyekwa, na mwokotaji lazima awe karibu. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji iliwahamisha wakulima wengi wa kusini wakaishi mbali na mikorosho yao. Zahanati na shule zilisogea karibu, hilo ni kweli na tusilifiche. Lakini mikorosho ilibaki porini, ikamezwa na magugu, ikaunguzwa na moto, na korosho zilizookotwa zikakaa ardhini muda mrefu mno. Aliyepanga vijiji na aliyepanga viwanda walikuwa watumishi wa serikali moja, huenda katika jengo moja, na hawakuuona uzi unaounganisha mafaili yao mawili.

Ikaja bei. Mamlaka ya Korosho iliundwa mwaka 1973. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Sehemu ya bei iliyomfikia mkulima ikapungua, malipo yakachelewa. Mkulima hakugoma wala hakuandamana. Aliacha tu kufyeka. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 ukaingia ubwiriunga, ugonjwa unaokausha maua ya mkorosho, ukamkuta mkulima asiye na sababu ya kupigana nao. Msimu wa 1986/87 mavuno yalishuka chini ya tani 20,000. Viwanda vyote 12 viligombea mzigo ambao viwili vingeumaliza.

Hata huo mzigo mdogo ulikuwa na tatizo la mwisho, ambalo ndilo linalotuhusu zaidi. Mlaji wa New York au London hulipia punje nzima, nyeupe, isiyo na mchubuko. Kipande huuzwa kwa bei ya chini sana. Korosho zinatofautiana kwa ukubwa na umbo, na kisu cha mtambo hakina macho. Kilivunja punje nyingi kuliko mkono wa mama wa Kerala. Tulinunua mtambo wa kasi, na mteja hakuwa amepungukiwa kasi. Vipuri vilihitaji fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilitegemea korosho. Msomaji ataukumbuka mzunguko huo: ndio ule wa trekta, bomba na gati.

Hili ndilo jibu tulilopaswa kumpa ndugu yule wa Mtama. Kiwanda chake kilikuwa cha umma kweli, lakini umma haukuulizwa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha kuwaonya viongozi juu ya kibri na kutaka umma ushirikishwe katika mipango ya maisha yao. Miaka mitatu baadaye tukapanga makazi, bei na mitambo kwa mafungu, bila mwenye mkorosho. Ubeberu ulishusha bei zake, ndiyo. Haukutukataza kumwuliza mkulima shamba lake liko wapi. Tunasema "sisi" kwa makusudi, ingawa wengi wetu tulikuwa watoto au hatujazaliwa, kwa sababu Chama hakirithi ushindi peke yake.

Kuinuka kwa zao kulianzia katika pete ambayo haina sherehe ya uzinduzi. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, walifanyia kazi matumizi ya salfa dhidi ya ubwiriunga na miche bora, na mabwana shamba wakaufikisha ujuzi huo vijijini. Kufikia msimu wa 1999/2000 mavuno yalipita tena tani 100,000, na msimu wa 2017/18 yalipita 300,000. Kuanzia mwaka 2007 mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza Mtwara na kuenea, ulirudisha pete ya ghala na mnada kwa vyama vya msingi. Lakini vile viwanda vya zamani, baada ya kubinafsishwa, vingi viligeuzwa maghala, na sehemu kubwa ya korosho ikaendelea kupakiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Mwishoni mwa mwaka 2018, wanunuzi walipotoa bei ndogo, serikali iliamua kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likasomba mzigo. Kusomba kuliwezekana. Kumpata wa kuuziwa kukawa kazi nyingine kabisa, iliyochukua miezi.

Katika safari moja ya mafunzo tulisimama na wanachuo Nangurukuru, pale barabara ya Kilwa Masoko inapoachana na ile ya Lindi. Mama mmoja aliuza korosho kwenye vifuko vidogo. Alizinunua kijijini, akazibangua nyumbani pamoja na binti zake, akazikaanga, akazipanga. Mwanachuo mmoja, kwa lugha ya darasani, akamwuliza soko lake ni lipi.

"Abiria, mwanangu," akajibu. "Basi linasimama dakika tano. Anashika kifuko, anakitazama juani. Akiona vipande, anarudisha. Akiona imeungua, anarudisha na anasonya. Kwa hiyo vipande tunakula wenyewe, nzima ndizo zinapanda barabarani."

Tukamwuliza kinachomzuia kuuza zaidi. Alidhani tunatania. Korosho anazo, alisema, na mikono anayo. Vile vifuko ndivyo havipatikani Kilwa. Humwagiza kondakta amletee kutoka Dar es Salaam, na wiki ile kondakta alikuwa hajapita.